Keki ya Tofi na Mkono wa Mkwe

Dada alianza kupiga vigelegele akiwa bado barabarani, nikajua sukari imepatikana. Alikuwa mwalimu Mwisenge, mjini Musoma, na kesho yake alikuwa anaolewa hapa hapa nyumbani kwetu Butiama. Alibeba unga wa ngano, beking pauda iliyofungwa kwenye kipande cha gazeti, na mfuko wa sukari aliopangia foleni mpaka miguu ikamvimba. Miaka ile ya ujamaa uji tuliunywa kwa chumvi na tukasema mtamu. Nilirukaruka uani hadi kuku wakatawanyika.

Samli, maziwa na mayai tulikuwa navyo. Ufundi alikuwa nao mama. Katika usichana wake alisaidia jikoni kwa masista wa Nyegina, na huko ndiko alikojifunza keki ya tofi, ambayo sukari yake inayeyushwa kwanza mpaka iwe kahawia. Tangu aolewe hakuwahi kuipika, ila aliisimulia kila tulipokunywa ule uji, jambo ambalo mimi niliona ni uchokozi.

Basi mchana huo jikoni kulichangamka! Mama alitandaza mchanga ndani ya sufuria kubwa na kuiweka jikoni ipate moto, ili sufuria ndogo ya keki ikae ndani yake na makaa mengine yapangwe juu ya mfuniko. Mimi wa darasa la tano nilipewa mayai niyapige kwa uma. Niliyapiga kama nina ugomvi nayo. Mama akamimina sukari kwenye karai, akaanza kuikoroga kwa mwiko, na harufu ikapanda hadi nikasahau mkono unauma.

Hapo ndipo dada akatoboa lake.

"Mama, kesho tukishakata keki, bwana harusi atakulisha kipande. Mjini wanafanyaga hivyo."

Mwiko ulisimama.

"Anilishe nani?"

"Mkwe wako."

"Mkwe anilishe mimi? Nimpanulie mdomo?" Mama alishika kichwa. "Mwanangu, shule imekuharibu."

Kwetu mama mkwe na mkwe hawaonani. Hawasalimiani ana kwa ana, hawali pamoja, wakikutana njiani mmoja anaingia porini. Bwana harusi alikuwa mtoto wa wakulima wa pamba wa Bunda, na mila hiyo hata kwao ipo. Siku ile alipokuja kujitambulisha, mama alijibanza nyuma ya ghala la mtama mpaka mgeni akaaga, akatoka na utando wa buibui kichwani. Leo aambiwe ale mkononi mwake!

"Basi keki sikati," dada alisema, na machozi yakamlengalenga. "Wewe ndiye unayeipika, halafu watu wote waile wewe umejificha? Usipokula kutoka kwa mkono wake, mimi kisu sikigusi."

"Usikiguse."

Wote wawili walikuwa wabishi wa kuzaliwa. Na niseme ukweli, nilikuwa naililia keki kuliko harusi. Isipokatwa nitakula nini?

Katika mabishano hayo hakuna aliyetazama karai. Moshi ndio uliotushtua. Sukari ilikuwa imepita kahawia, inaelekea weusi, na nyingine hatukuwa nayo. Mama aliimwagia maziwa kwa haraka, ikafoka na kuchemka kama inatukana, akaongeza samli, akaongeza chumvi kidogo. Akaonja kwa ncha ya kidole. Akaonja tena.

"Ina uchungu kwa mbali," alisema, "lakini inaita."

Nusu aliichanganya kwenye unga, nusu akaiweka ya kumiminia juu. Keki iliumuka! Mama alipofunua mfuniko nilipiga kelele, majirani wakafikiri kuna nyoka.

Kesho yake tulirudi kutoka kanisani na ngoma mbele. Keki iliwekwa mezani uani, inang'aa, nyuki wanaiwinda. Mama alikuwa jikoni, kanga imetundikwa mlangoni, nami nimetumwa nikae naye. Nilichungulia pembeni ya kanga. Bwana harusi alimpa dada kisu. Dada hakukipokea. Wageni wakaanza kutazamana. Dada akamnong'oneza mumewe sikioni, kwa kirefu, na yule kijana akakuna shingo, akatazama upande wetu, kisha akacheka. Dada akachukua kisu.

"Mama, wamekata!" nilisema. "Mama, anakuja huku!"

"Nani?"

"Mkwe! Lakini anakuja kinyumenyume!"

Kweli alikuja hivyo, mgongo mbele, suti yake nyeusi, wazee wakiwa wameshika midomo. Alipogusa ukuta wa jiko alisimama, uso akiuelekeza kwa wageni, akapitisha mkono nyuma ya mgongo wake na kuuingiza pembeni ya kanga. Kiganjani kilikuwepo kipande cha keki.

Mama alijifunika uso wote kwa mtandio. Mkono ukangoja. Jua lilikuwa kali, na tofi ikaanza kuyeyuka, ikamchirizika vidoleni, ikaelekea kwenye mkono wa shati jeupe.

"Jamani, shati la mtoto wa watu," mama alisema chini chini.

Akainama, akainua mtandio mpaka puani tu, akala. Alikula kile kipande chote kutoka kiganjani, taratibu, kisha akachukua ncha ya kanga akafuta vile vidole kimoja kimoja.

"Sukari iliniungulia, baba," alisema.

"Ni tamu hivyo hivyo, mama," mgongo ukajibu.

Dada ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza. Mimi nilikuwa nalia bila kujua ninalia nini, na keki nilikula vipande vingi kuliko nilivyostahili.

Waliishi ukwe wao miaka mingi na hawakuwahi kutazamana usoni hata mara moja. Lakini kila dada na mumewe walipokuja kutoka Bunda, mama aliunguza sukari makusudi, akatundika kanga mlangoni, akakaa kwenye kigoda kuusubiri ule mkono.