Kitabu Kinasomwa, Simameni

Wiki jana nilimpeleka mjukuu wangu kuandikishwa shule ya chekechea hapa Makutano. Mbele yetu alikuwa nyanya mmoja kutoka Mitunguu, cucu kama tunavyowaita huku, na mjukuu wake, msichana mdogo, ameshika leso yake.

"Cucu, huyu amewahi kushika kitabu?" mwalimu akamuuliza. "Kama hajawahi, ataanzia kwa wale wa kunyonya kidole."

"Kwetu kitabu ni kimoja tu, mwalimu. Biblia."

Mwalimu akampa mtoto kitabu cha picha. Mtoto hakukifungua. Alitutazama sote, akasema, "Simameni."

"Kwa nini, mama?" mwalimu akamuuliza mtoto.

"Kitabu kinasomwa."

Tukasimama, hata mwalimu, na kikombe chake cha chai mkononi. Mtoto alifungua penye picha ya kuku, akapitisha kidole chini ya maneno, akasoma polepole kama mzee wa kanisa: "Na kuku akaingia jikoni kwa cucu. Akakula unga. Cucu akamwambia, toka, wewe shetani." Akakifunga. "Bwana abariki neno lake."

"Amina," tukajibu.

Mwalimu alifuta machozi ya kicheko. "Huyu nitamweka na wakubwa. Lakini huyo kuku alitoka?"

"Atoke aende wapi," nyanya akasema. "Tulimla Krismasi."

Wengi husema mtoto huanza kitabu akishajua herufi. Mimi naona huanza kwa kutazama tunavyokishika. Biblia ya marehemu mke wangu ilikuwa juu ya kabati tangu mazishi. Jioni hiyo niliishusha, nikamwita mjukuu wangu. Alisimama kabla sijamwambia.