Shangazi Anasema Ni Viraka

Chumba cha ushonaji cha hoteli anayofanya kazi shangazi yangu kiko chini kabisa, nyuma ya mashine za dobi, mahali ambapo mgeni hafiki hata kwa kupotea. Mna cherehani, meza ya pasi, na dirisha dogo la juu ambalo ukichungulia unaona viatu vya wapita njia, basi. Humo ndimo shangazi alimoizunguka dunia bila kupanda ndege.

Wageni huteremshiwa nguo zao kwake. Suruali ifupishwe, gauni lililobana liachiwe, mkono wa koti ulionaswa na mlango uzibwe. Kazi ikiisha hubaki kipande, na mafundi wengi hukitupa. Shangazi hupanda ngazi za nyuma hadi mapokezi, akamngoja mwenye nguo na kumuuliza: kitambaa hiki kimetoka wapi, na hiki kilichobaki, naweza kubaki nacho? Rubani mmoja alicheka, akamwachia pindo la suruali iliyofumwa Japani, buluu inayoacha rangi vidoleni. Bibi mmoja kutoka Peru alichukua mkasi akamkatia mwenyewe ncha ya shali yake ya sufu. Kuna batiki ya Indonesia, kuna hariri ya India, kuna pamba ya Mali iliyotiwa rangi kwa tope.

Nyumbani huvitia vyote kwenye maji ya moto kabla ya lolote. Kinachochuja kichuje, kinachosinyaa kisinyae.

"Kila mgeni aoge kwanza," huniambia, "ndipo nimkalishe na wenzake. Wakianza kugombana nimeshawashona, nitawaamulia wapi?"

Kisha huviunganisha kwa mkono, kipande kwa kipande, mpaka apate uso usiozidi sinia ya chai. Chini yake huweka blanketi kuukuu, chini ya blanketi kitambaa cha mgongo, halafu hupitisha sindano tabaka zote tatu kwa mishono midogo kama punje za mtama. Nimemwona akifumua kazi ya juma zima kwa sababu hariri, kwa maneno yake, "imenuna" pembeni ya sufu. Mimi niliyesoma chuo na kusikiliza mihadhara mingi kuhusu uzuri sijaona mtu anayeuheshimu kama yeye. Na bado watu wakiingia kwake huuliza, "Hivi vya kufutia nini?"

Ndiyo maana nilivipiga picha, nikazipeleka kwenye ukumbi wa maonyesho. Msimamizi wake, mama mmoja mwenye miwani iliyopandishwa kichwani, alikuja mwenyewe, akakaa kitandani kwa shangazi, akashika kimoja baada ya kingine.

"Navitaka vyote ukutani," akasema mwishowe.

"Ukutani? Si mezani pale mlangoni, pamoja na vikapu vya kuuza?"

"Ukutani, mama. Kadi tunachapisha Jumatatu. Tuviite nini?"

"Viraka."

"Viraka tu?"

"Tu. Chini yake jina langu na la marehemu baba."

Nilidhani kazi imekwisha. Nilimsahau baba yangu, kaka yake mkubwa, karani mstaafu ambaye mpaka leo hafungui mlango kabla hajanyoosha kola. Alipoambiwa, kikombe alikiweka chini.

"Jina la baba litundikwe ukutani chini ya neno kiraka?"

"Ndivyo vilivyo, kaka."

"Wewe ulikuwa mdogo. Mimi nimeimbiwa njia nzima ya shule! Kaptura viraka mpaka haijulikani ipi ilikuwa kaptura."

"Nilisikia. Nilikuwa nyuma yako."

"Basi waandike sanaa ya nguo. Waandike mapambo. Maneno yamekwisha duniani?"

"Mama aliumia macho ili usiende shule matako nje, leo niite mapambo?"

"Wakiandika hivyo siji, na jina la baba litoke."

"Likitoka, navirudisha vyote nyumbani. Na neno likitoka, vilevile."

Nikafungua mdomo nimtetee shangazi. Baba akaninyooshea kidole: "Wewe na digrii yako, nyamaza."

Jumamosi shangazi alikuja kushonea kwetu kama kawaida, kwa ajili ya mwanga wa barazani. Hakuna aliyemsemesha mwenzake. Maneno yalipitia kwangu.

"Mwambie shangazi yako chai ipo."

"Mwambie baba yako nina macho."

Baba akafungulia mpira redioni. Beki wa timu yake akaumia mapema, kiungo akarudi nyuma kuziba nafasi. Kipindi cha pili mshambuliaji naye akachechemea, na kiungo yuleyule akapelekwa mbele. Akafunga. Baba akaruka kitini.

"Huyo ndiye mchezaji! Beki yumo, kiungo yumo, na bao anafunga! Kiraka! Kiraka hasa huyo!"

Sindano ya shangazi ikasimama hewani.

"Umesemaje, kaka?"

"Nimesema anacheza vizuri."

"Umesema ni nani?"

Baba akaitazama redio kama mtu aliyesalitiwa na rafiki. Mimi nikauma mdomo.

"Hiyo ni lugha ya mpira," akasema.

"Kwa hiyo wa mpira akiziba pengo ni sifa. Mama akiziba pengo ni aibu."

Hakucheka aliposema hivyo, na mimi hamu ya kucheka ikaniisha. Mtangazaji alikuwa bado anapiga kelele za bao. Baba akanyoosha mkono akaipunguza sauti, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya mechi ikiwa inaendelea. Akasogeza kiti, akachukua kile kiraka mapajani pa shangazi, akakigeuza mbele na nyuma. Kwa ukucha wa kidole gumba alitafuta mahali sufu inapokutana na hariri. Alitafuta sana.

"Mama alikuwa anashona hivi?"

"Vizuri kuliko hivi. Hukuwahi kuangalia, ulikuwa unavifunika kwa daftari."

Baba akaguna. Akakirudisha kile kitambaa mapajani pa shangazi.

"Mpigie yule mama wa ukumbi," akaniambia. "Waandike viraka. Kwa herufi kubwa, tusionekane tunajificha."

"Na jina la babu?" nikauliza.

"Libaki. Lakini la bibi yako litangulie. Baba hakujua hata kutunga uzi."

Shangazi akainama haraka, akaanza kutafuta barazani sindano ambayo ilikuwa bado vidoleni mwake.