Matendegu ya Kinyozi

Zamani kitanda kilizika magodoro. Siku hizi godoro ndilo hukizika kitanda.

Kinyozi alikuwa mtu wa zamani hiyo. Alipopata mchumba hakwenda dukani. Alivuka njia tu hadi kwa Mkereza, fundi wa kuchonga miguu ya vitanda, na mkewe, akaagiza kitanda chenye matendegu ya msokoto. Kazi hiyo iliwataka watu wawili. Mume alizungusha tendegu polepole, mke akalizungushia uzi toka juu hadi chini, kisha penseli ikafuata njia ya uzi na patasi ikafuata penseli. Mke ndiye aliyetangaza upande, "Kulia!" au "Kushoto!", maana matendegu mawili husokotwa huku na mawili kule, yaelekeane kama watu wanaosalimiana.

Kwa mama yule kila kitu kilikuwa msokoto. Kamba msokoto, nywele za wajukuu msokoto, na tumbo likimkata, "lina msokoto." Mumewe akichelewa kurudi na kisa kirefu, humwambia, "Hicho nacho kina msokoto. Kinyooshe."

Kitanda cha Kinyozi kiliwakuta wamenuniana. Mama alisema macho ya mzee yamechoka, misokoto yake inalegea. Mzee akajibu kwamba macho ni mazima, kilichochoka ni masikio, kwa kelele zake.

"Haya, nimenyamaza. Kitanda hiki kikiisha nakwenda kwa dada yangu, na sirudi."

Akashika uzi, akafunga mdomo. Kinyozi alisikia yote, maana njia ilikuwa nyembamba na mkasi hauna kelele. Naye anayetaka kuoa hakupenda kitanda chake kivunje ndoa ya wenzake.

Siku ya kukichukua alikikuta katikati ya karakana kinang'aa, matendegu yote manne yamesokotwa kulia. Akakizunguka.

"Mzee wangu, mbona hiki kama kinageuka kiende mlangoni?"

"Kiende wapi?"

"Labda kwa dada yake mama."

Mama alijikaza, akashindwa, akacheka mpaka akakaa juu ya maranda.

"Kwa nini hukusema kushoto?" mzee akafoka.

"Si ulisema nina kelele?"

"Tangu lini unanisikiliza?"

Kinyozi akasema atakichukua hivyo hivyo. Mama akainuka.

"Kitoke hapa kimepotoka hivi? Mzee, lete mti mwingine!"

Mfuko wake wa safari ulikuwa tayari nyuma ya mlango. Kinyozi akauona, akaagiza na kigoda. Kigoda kilipokwisha, akataka fremu ya kioo, nayo ya msokoto.

"Bwana harusi," mama akamuuliza, "unaoa au unafungua ghala?"

Lakini mfuko ule ukaishia kutiwa nyuzi.

Sasa karakana ile huuza vitanda vya unga wa mbao na gundi. Miguu yake imenyooka tuli, haielekeani wala haisalimiani. Kinyozi akipita hapo hutazama upande wa pili.

Mara ya mwisho Kinyozi alipowaona wazee wale pale karakanani, mzee alikuwa haoni tena, wala hakuyatetea tena macho yake. Alikuwa ameshika tendegu, na mama ameshika uzi.

"Kulia," mama akasema.

"Kulia kwangu au kwako?"

"Kuna kulia gani hapa zaidi ya kwangu? Zungusha, baba."

Mzee akazungusha.