Habari Niliyoituma Mwenyewe Ikatukimbiza Kanisani

Hata leo nikipita mbele ya kanisa letu hapa Kamina nainamisha kichwa, lakini acheni niseme kwanza: kosa halikuwa langu peke yangu!

Wakati wa vita nilikuwa na foni, ile redio ya kupelekea habari mji kwa mji. Utaratibu niliutunga mimi (nani mwingine?): usipompata unayemtafuta, mpe habari mwenye foni wa mji wa jirani anayesikika, naye ampe mwingine, mpaka ifike. Siku ya ndoa ya mdogo wangu Ngoy betri imechoka, nina haraka ya kwenda kuvaa koti, nikawaambia wenzangu hewani tuache kutaja nani katuma na kutoka wapi, tuseme maneno yenyewe tu. (Haraka haraka haina baraka, najua, msinifundishe.) Mama Zaina, mchuuzi wa samaki, akaja kumwonya kaka yake wa Mulongo: askari wanapita, afiche baiskeli. Mulongo kimya. Nikampa mwenzangu wa Sanga, kule ziwani, nikaenda kuvaa.

Niliporudi kuzima mashine, watu wameshaingia kanisani, mwenzangu wa Bukama ananiita: "Kamina, pitishia Mulongo: askari banakuya, bantu bafiche baiskeli!"

"Inatoka wapi?"

"Sijui. Njo Sanga alinipatia."

Sanga ndiye aliyempa! Basi wanatokea upande wa ziwa, wanakuja kwetu! Nikaingia kanisani mbio nikipiga kelele, "Askari! Askari!" Jamani, wengine waliruka nje kupitia madirishani, mchungaji na joho lake, na bwana arusi Banza, aliyekuwa ameshika mkono wa dada yangu, akauachia, akarukia baiskeli ya mjomba wake akatokomea, hata mama yake mzazi hakumngoja. Ngoy akabaki amesimama na maua yake.

Hakuna askari aliyekuja. Watu walipoanza kurudi, Mama Zaina akaniuliza mbele ya wote: "Baba, habari yangu ya askari na baiskeli, ilifika?"

Ilikuwa imezunguka Sanga, imezunguka Bukama, ikanirudia mimi niliyeituma!

Wakanizomea. Banza naye karudi, anatweta, ananinyooshea kidole: "Weye njo uliharibu arusi!" Nikawaka. Kwani ni mimi niliyepanda baiskeli?

Ngoy akavua shela. "Yaya, weye ulikosa," akaniambia mimi kaka yake, "lakini minyi siwezi kuolewa na muntu mwenye anaacha hata mama yake."

Ndoa ikafa palepale. Tangu siku hiyo habari haitoki kwangu bila jina la mtumaji na mahali inapotoka, betri ife ikitaka. Lakini Banza mpaka leo anazunguka mjini akisema nilimnyima mke. Mimi!