Wanga wa Mama na Kola ya Kamanda

Mama alikuwa akikuna muhogo, akiukamua kwa kitambaa na kuyaacha maji yatulie kwenye beseni. Akiyamwaga, chini hubaki wanga mweupe. Kijiko kimoja alitia kwenye mchuzi wa samaki ili uwe mzito. Uliobaki aliukoroga kwa maji ya moto, akachovya humo mashati ya baba. Baba alikuwa karani. Siku ya uhuru alisimama uwanjani Uvira na kola ngumu hata akashindwa kuinua shingo kuona bendera ikipanda. Alituambia ilipanda vizuri.

Waasi walipoingia, walitafuta watu wa serikali. Hawakuhoji sana, walishika kola tu. Mwenye kola iliyosimama waliondoka naye. Pale kwetu Kilibula walimchukua baba pamoja na jirani yetu mwalimu. Mwalimu hakurudi.

Wiki ileile kamanda wao akaja kwetu na shati mkononi.

"Mama, hii shati iko nalala sana. Ufanye isimame sawa ya bwana yako."

Mama alikuwa hajapata usingizi tangu baba achukuliwe. Alilipokea, akaligeuzageuza.

"Amido ya muhogo nitapika, kamanda. Lakini pasi ni kazi ya bwana yangu. Miye nitaiunguza tu. Na yeye mumemufunga mu kasho yenu."

Uongo mtupu. Baba hakuwahi kushika pasi; hata makaa hakujua yanatiwa wapi. Mimi nilikuwa msichana mwenye mdomo, lakini siku ile niliufunga.

Wakamleta, peku, amekonda. Kamanda akakaa kwenye kiti chetu akiwa na singlendi, akitazama. Mama akakaa pembeni kuchambua mchele wa Sange. Akikohoa, baba aliinua pasi. Akinyamaza, baba alisukuma.

Shati lilitoka gumu kama ubao. Kamanda akalivaa, akajaribu kugeuza shingo, ikakataa. Alifurahi sana.

"Weye ubakie hapa," akamwambia baba. "Kesho iko zingine."

Baba akabaki.

Vita vilipokwisha hakuvaa tena kola ngumu, ila nguo zote za nyumba alizipiga pasi yeye. Mama alikaa karibu, akikohoa kwa mazoea.

Mama alipofariki, baba alikuna muhogo mwenyewe, akapika wanga, akalitandika mezani gauni la kumzikia. Hatukuthubutu kumsaidia. Alisukuma pasi kidogo, akasimama, akasikiliza.