Risasi Hamsini za Shemeji

Hapa Hounslow, ughaibuni, mwanamke wa Kipemba mwenye kibali cha bunduki ni kichekesho cha msikitini, ila ni kichekesho chenye karatasi ya polisi. Jumapili napiga shabaha klabuni, na risasi zangu najaza mwenyewe jikoni: maganda yaliyokwishatumika, baruti mpya, mizani. Sheria inaniruhusu kujijazia.

Mdogo wake mume wangu naye yumo klabuni. Ana kibali na bunduki kama yangu, na uvivu wa kwake peke yake. Siku moja akaniletea sinia la biriani.

"Shemeji, nijazie hamsini tu."

"Mimi si dealer. Nikilipwa itakuwa biashara, na sina licence ya biashara."

"Nani kasema kulipa? Hiyo biriani tu!"

Kwa kupenda kwangu sheria, nikampigia ofisa wa vibali kumuuliza kama biriani ni malipo. Akaniomba nirudie swali. Kisha akauliza biriani ya nini. Mwisho akasema naweza kumpa risasi bure mtu ambaye kibali chake kinaziruhusu, ila nisipokee kitu. Sinia lilikwishaliwa, basi nikaamua ile ilikuwa sadaka.

Nikamjazia. Katikati ya kazi dada yangu akapiga simu kutoka kwetu Chake na habari za harusi, nikawa nazungumza huku mkono unakwenda. Zangu mwenyewe nisingezijaza hivyo.

Jumamosi, namimina chai, moyo ukanilipuka. Kuna ganda nililitia baruti, dada akanichekesha, na sikumbuki kama nililitia tena au la. Baruti ikizidi hivyo, bunduki hupasukia usoni mwa mpigaji. Nikapanda basi mpaka kwa shemeji, Hayes.

"Nirudishie risasi."

"Kulikoni, shemeji? Umejuta?"

"Polisi hawataki," nikasema. Ulikuwa uongo mtupu, lakini ukweli ulinishinda kuutamka.

Nyumbani nikazifungua moja moja, nikapima baruti ya kila moja. Ya thelathini na moja ilikuwa na baruti ya risasi mbili. Nikakaa kitako sakafuni, nikalia.

Mpaka leo, kila harusi, shemeji huwasimulia watu jinsi nilivyokula biriani yake kisha nikamnyang'anya risasi kwa kuogopa polisi. Hucheka mpaka machozi yamtoke, macho yote mawili mazima, nami namwacha acheke.