Mkanda wa Biskuti

Biskuti alikuwa mbwa, tena mnene, aliyefanyiwa upasuaji wa mgongo, miguu ya nyuma haina habari. Kila asubuhi Kunda Salve alimfunga kiunoni mkanda mpana wa kitambaa wenye vishikio viwili, akashuka naye kwenye bwawa la maji ya uvuguvugu, akamnyanyua kidogo, uzito uliobaki akayaachia maji.

"Haya baba, moja. Mbili. We! Usinidanganye, hiyo si hatua, umeburuta. Tunarudia mbili."

Ndivyo alivyokuwa. Kwa miaka kumi na moja ya kuwarudisha mbwa na paka wa matajiri wa mji wa Pune, India, kwenye miguu yao, Kunda hakuwahi kuhesabu hatua ya uongo. Madaktari wenye vyeti ukutani walimwita wakikwama. Chai yake hata hivyo ilikuwa na kikombe chake, kilichokaa peke yake dirishani, maana watu wa ukoo wa Salve wanajulikana ni wa tabaka gani, lile linalodhaniwa kunajisi kila linachogusa, na hakuna aliyehitaji kulitaja kwa sauti.

Sasa sikia balaa. Mwezi wa kwanza mama yake, Bhagirathi, Aai kwa lugha yao, alipigwa na kiharusi, upande wa kulia ukalala. Daktari wa hospitali ya serikali alimwambia Kunda wakiwa wamesimama kwenye korido, "Miezi mitatu ya kwanza ndiyo yenyewe. Asiposimama hapo, usitegemee sana."

Mazoezi Kunda alikuwa nayo mikononi. Alimkunja mama magoti, akamfinya vidole, akamsugua nyayo kwa brashi. Kumsimamisha ndiko kulikomshinda. Mama ni mrefu, mifupa mizito, na chumba chao kimoja kina sakafu ya saruji. Mara mbili walianguka wote wawili.

"Ungenizika tu upumzike," mama alisema kwa mdomo uliopinda, wakiwa bado chini.

"Nikuzike, Aai, na hujanionyesha unavyopika zile chapati tamu za sikukuu? Thubutu!"

Wakacheka palepale sakafuni. Lakini wiki saba zilikuwa zimeshakwenda, na Kunda alijua kabisa kilichokosekana: maji.

Kila Jumatano jioni bwawa humwagwa lote, kwa sababu Alhamisi umeme hukatwa na kliniki hufungwa. Akamwendea Daktari Ketaki, mwenye kliniki hiyo ya wanyama.

"Daktari, wateja wakishaondoka, kabla sijafungulia maji, naomba nimlete mama. Nusu saa. Maji yenyewe yanakwenda mtaroni."

Daktari akamshika bega. "Kunda, wewe hapa ni mtu wa nyumbani, unajua. Lakini wateja wana mambo yao. Wakisikia kuna mtu kaingia mle, wataanza kuuliza usafi."

"Mbwa wanakojoa mle, daktari."

"Najua. Usinifanye mimi ndiye mbaya."

Kunda akaitikia vizuri, kwa heshima zote, na Jumatano ile ile akamleta. Dagdu jirani, mwenye bajaji, alimbeba bibi mgongoni hadi ukingoni, akatoka nje kuvuta sigara. Kunda akamfunga mama mkanda wa Biskuti, maana hakukuwa na mwingine wa kumtosha, wakashuka taratibu. Maji yalipofika kifuani, Bhagirathi alisimama. Alisimama, jamani! Mguu wa kulia ukanyanyuka, ukatua.

"Moja, Aai. Mbili!"

Zikafika saba, zote za kweli. Mama alilia na kucheka, akapiga maji kwa mkono mzima kama mtoto, na Kunda akahesabu kichwani Jumatano tano zilizobaki.

Alichosahau ni kamera. Iliwekwa pale ili wenye wanyama wawatazame kwenye simu wakiwa kazini, na Kunda kwa miaka yote aliiita kamera ya mbwa. Haikumjia akilini kwamba inaona na watu. Alhamisi Bi Revati, mama mwenye Biskuti, alikuwa akipekua kumbukumbu za kamera hiyo, akitafuta picha za mbwa wake za kumtumia mwanawe Kanada. Akakutana na Bhagirathi.

Ijumaa asubuhi alikuwa mlangoni.

"Mwanangu Biskuti anaingia mle! Mle mle!"

"Maji yalimwagwa, bibi. Haya ni mapya."

"Na kuta je?"

Daktari Ketaki alitazama simu yake, kisha akasema kwa upole uleule kwamba bwawa lisuguliwe kwa dawa, mara tatu, na Kunda arudishe ufunguo wa mlango. Kumfukuza hawakumfukuza. Biskuti alikataa kutembea na mtu mwingine. Basi akasugua kwa magoti, zile kuta ambazo mama yake hakuzigusa hata, huku Bi Revati amekaa kwenye kiti anamtazama. Alipomaliza, Bi Revati aliusukuma ule mkanda kwa ncha ya kiatu.

"Huu mpelekee mama yako. Biskuti nimemnunulia mwingine."

Na Kunda akauchukua. Alijichukia, lakini aliuchukua, kwa sababu ulihitajika.

Nyumbani mama aliugeuza kwa mkono mzima.

"Mbona bado mzima huu?"

Kunda akaendelea kupepeta mchele.

"Kwa sababu niliuvaa, sivyo?" Bhagirathi akauliza. "Kule kijijini mama yangu aligusa ndoo ya kisima cha watu wa tabaka la juu. Walimpiga, ndoo wakaitupa shambani. Akaiokota. Tuliichotea maji mpaka naolewa. Ilikuwa ndoo nzuri sana." Akaunyoosha mkanda mapajani. "Haya, nifunge."

Walijaribu kila siku, kwenye saruji, bila maji ya kubeba uzito. Wiki ya kumi na tatu Biskuti alipanda ngazi za kliniki mwenyewe, akakatiwa keki, na Kunda akaambiwa asogee kidogo picha ipigwe.

Jioni hiyo, siku ya mwisho ya miezi mitatu, alimfunga mama mkanda, akavuta vishikio kwa nguvu zote. Mguu wa kushoto ukasimama. Wa kulia ukaburuta, kidole gumba kikikwaruza saruji, ukaishia palepale. Bhagirathi alikuwa akitokwa jasho. Akageuza uso wake uliopinda, akamtazama bintiye.

"Hiyo ni moja?"

Kunda aliuangalia ule mguu.

"Moja, Aai," akasema. "Hiyo ni moja."